Kutoka Kuendesha Huduma Hadi Kuiamua

Kampuni za pesa ya simu zina wafanyakazi wa aina mbili. Wako wanaoendesha huduma kila siku: wanahakikisha wakala wa kijiji cha Lubarika, mashariki mwa Kongo, hakosi salio, wanafuatilia pesa iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi. Na wako wanaoamua huduma yenyewe iwe nini. Naona wa kwanza wafunguliwe njia ya kufika kwa wa pili, na ushahidi ni huduma ya M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, lengo likiwa kulipia mikopo midogo. Timu iliyofuatilia matumizi ya kila siku iliona watu wakitumiana pesa wao kwa wao. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya jambo hilo. Kongo iliipata mwaka 2012.

Wako watakaopinga: kujua malalamiko si kujua soko. Ni kweli, tena kweli nzito. Mwendeshaji amezoea kutatua ya leo. Mwamuzi hukataa maombi mengi mazuri ili moja likamilike, na hueleza sababu kwa hesabu. Lakini hesabu hufundishwa. Kumjua mkulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi, anayehesabu kwa franka na kwa dola, hakupatikani kwa kukaa ofisini Kinshasa (ingawa diploma ndiyo huulizwa kwanza). Anayetaka kuvuka asingoje cheo: aandike tatizo moja, linawagusa wangapi, linagharimu nini, na dawa yake. Waajiri nao waisome karatasi hiyo kabla ya diploma.