Ufunguo wa Stoo Yetu

Mazungumzo ya viongozi vijana wa skauti, Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale



Tumepewa nafasi tuseme juu ya kazi ya vijana. Gwaride mmeliona, nyimbo mmezisikia. Sisi tutasema juu ya stoo. Ni chumba kimoja tu, chenye mahema matatu, kamba, majembe, panga, jerikeni, kandili, sufuria mbili kubwa na sanduku la huduma ya kwanza.

Zamani ufunguo alikuwa nao mwenzetu mmoja. Alikuwa mwaminifu, hatuna neno juu yake. Lakini hapa Nakivale watu huondoka. Wanyarwanda waliopokelewa hapa tangu miaka ya 1959 na 1960, wengi wao walirudi kwao mwaka 1994. Wengine wetu tukaja baadaye, na wengine huitwa kwenda ng'ambo. Familia ya mwenzetu nayo iliitwa, akaenda, na hesabu yote ikaenda naye kichwani.

Tulipofungua stoo tulikuta sufuria moja. Ya pili iko wapi? Tukaanza kutazamana vibaya. Kundi letu lina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na shaka ya sufuria hugeuka upesi kuwa shaka ya kabila. Hilo ndilo lililotutia hofu. Siku nyingi zikapita, kumbe mama mmoja wa Juru aliiazima kwa msiba, akaisugua ikang'aa, akawa anangoja mtu aje kuichukua.

Basi tukanunua daftari. Linaandikwa kitu, jina la mwenye kuazima, siku ya kutoka, siku ya kurudi, na hali yake. Baden-Powell, aliyeanzisha skauti mwaka 1907, aliwagawa vijana katika vikundi vidogo vyenye kiongozi wao. Nasi tunatumia vikundi hivyo hivyo. Kila miezi mitatu kikundi kingine hushika stoo, na makabidhiano hufanyika mbele ya wote, kitu kwa kitu. Kiongozi naye huandika jina lake. Mwanzoni jambo hili lilituudhi sisi viongozi kuliko watoto.

Tusijisifu. Tulirudi kambini siku moja kwenye mvua, tumechoka, tukakunja hema likiwa majimaji, tukasema tutalianika kesho. Kesho hiyo ilikuwa wiki mbili. Ukungu ulikuwa umekula upande mzima. Tulilima mashamba ya watu kupata fedha, tukapeleka hema kwa fundi Mbarara. Akatuambia kitambaa kilichooza hakishiki uzi. Ikabidi akate hadi penye uzima ndipo aweke kiraka. Nauli, turubai na ufundi vilimaliza fedha yote. Siku hizi hema bichi huanikwa kabla mtu hajaonja chakula.

Swali la kuazimisha majirani bado linatugawa. Wengine husema vya skauti ni vya skauti. Wengi tumekubali kwamba msiba haukataliwi, wa kabila lolote, bila malipo. Arusi hulipa kidogo, na fedha hiyo hununua uzi, sabuni na kufuli. Sanduku la huduma ya kwanza halitoki, hata kwa mzee wa kamati, atuwie radhi.

Wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru. Tunaomba neno moja: mkileta vifaa, vikabidhiwe mbele ya vijana wote pamoja na orodha, si kwa mtu mmoja penye gari. Tena hema mtuletee pamoja na sindano yake.

Daftari liko hapa mezani, kila mtu anaweza kulisoma. Jembe moja lililotoka mwezi wa nne halijarudi. Aliye nalo alilete hata usiku, aliegemeze mlangoni, tutaandika limerudi.