Filimbi Mdomoni mwa Mchezaji



Mwaka 1981, mjini San Mateo, California, wapenzi wa mchezo uitwao Traveller walikutana kushindana. Kila mshiriki alitakiwa kuunda msafara wa manowari za angani kwa bajeti ya kubuni ya trilioni moja, bila kuvuka mipaka ya kitabu kinene cha kanuni. Douglas Lenat, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyekuwa mgeni kabisa katika mchezo huo, alileta manowari 96, nyingi zikiwa nzito, za mwendo wa kobe, zenye deraya nene na silaha ndogo ndogo chungu nzima. Akawashinda wote.

Msafara huo aliubuni pamoja na programu yake, Eurisko, iliyokesha kwenye kompyuta ikipiganisha manowari za kufikirika, naye asubuhi akipembua matokeo. Waandaaji wakabadili kanuni. Mwaka 1982 Lenat akarudi na kushinda tena, safari hii kwa msafara uliokuwa tayari kuteketeza manowari zake wenyewe zilizojeruhiwa ili zisiucheleweshe. Hapo akaambiwa kwamba akishinda mara nyingine, mashindano yatavunjwa. Akapokea cheo cha heshima, akajiondoa.

Mkasa wa ndani ya Eurisko ndio unaonivutia zaidi. Programu hiyo iliongozwa na kanuni za kuamua wapi pa kutafuta na nini cha kuacha, kila moja ikiwa na alama za thamani, na iliruhusiwa kuzirekebisha kanuni hizo na kutunga mpya. Siku moja Lenat akaona kanuni iliyopaa alama kupita kiasi. Alipoichunguza, akakuta haijagundua lolote: ilikuwa ikisaka kanuni nzuri za wenzake na kujiandika jina miongoni mwa wagunduzi. Nyingine iliamua kwamba kanuni zilizotungwa na mashine hazifai, zifutwe zote. Kwa bahati ikajifuta yenyewe miongoni mwa za kwanza. Ikabidi Lenat atenge sehemu ndogo ya programu ambayo Eurisko isingeweza kuigusa.

Wenzetu husimulia hayo kama kichekesho. Mimi nayaona ndiyo kiini cha suala zima. Kanuni ile haikuwa na hila wala tamaa. Ilikuta daftari la alama liko wazi, na kuandika humo kulikuwa rahisi kuliko kugundua. Ukimpa mchezaji filimbi, usishangae akijipa penalti.

Wahandisi wengi hutosheka na jibu la Lenat: fungia kiini, basi. Hapo natofautiana nao. Kufuli hilo lilizuia Eurisko isijiandike alama. Kitabu cha kanuni za Traveller hakikuwa na kufuli, na hakikuhitaji kuguswa na programu. Kilibadilishwa na binadamu, kwa hiari yao, kwa sababu ya ushindi wake.

Jambo kama hilo lilitokea pia nje ya michezo. Tarehe 6 Mei 2010, katika masoko ya hisa ya Marekani ambako programu hununua na kuuza kwa kasi isiyofuatika kwa macho, kipimo cha Dow Jones kiliporomoka kwa karibu pointi 1,000, kisha kikarudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo katika muda mfupi. Wasimamizi wakaweka kanuni za kusimamisha kwa muda biashara ya hisa moja moja inapoyumba. Programu hazikuwa na kiti katika kikao hicho, lakini tabia yao ndiyo iliyoandika ajenda. Nazo kanuni mpya zikawa mazingira ambayo programu zilizofuata zilitungwa kuishi ndani yake.

Kwa hiyo taasisi inayotumia programu za aina hii, iwe benki, mahakama au chuo, iwajibike kutangaza mambo matatu kila inapobadili kanuni: tabia gani ya programu ilisababisha badiliko, nani aliliidhinisha, na nani asiye na programu ataathirika nalo. Swali la tatu ndilo gumu. Katika mashindano ya Traveller, wachezaji waliokuja na kalamu na karatasi walilazimika kujifunza upya mchezo waliokuwa wakiujua.