Mchezo wa Bure Unaouza Subira
Mada kwa watumiaji wa simu katika wilaya za Kibondo na Kasulu



Tumefika mbele yenu kuzungumzia michezo ya simu. Huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini katika kaya nyingi simu ni moja, na simu hiyohiyo ndiyo pochi. Fedha ya maharage yaliyouzwa Mabamba au Heru Juu huingia humo, na mahitaji ya shule hulipiwa humo. Mtoto anapoomba simu acheze, anashika pia pochi ya nyumba.

Ipo aina ya michezo inayojiendesha yenyewe. Mchezaji hugusa kioo mara chache, kisha hesabu huendelea kupanda hata anapolala. Akirudi asubuhi hukuta sarafu zikimngoja. Mchezo ulioifanya aina hii ijulikane sana ni Cookie Clicker, uliotungwa na Mfaransa Julien Thiennot mwaka 2013. Humo bibi mpishi wa kwanza hununuliwa kwa biskuti 100, na kila bibi anayefuata bei yake huzidi ya mwenzake kwa asilimia 15, hata wa 11 akafikia biskuti 405. Gharama zikipanda hivyo, kungoja nako hurefuka. Kampuni mbalimbali zimeichukua hesabu ya namna hiyo, zikaivika sura za katuni zinazopendwa, na zikaanza kuuza njia ya kufupisha kungoja.

Kabla ya kuandaa mada hii tuliujaribu mchezo mmoja wa namna hiyo, wenye wahusika wa katuni ambao watoto wengi wanawafahamu. Hatutautaja jina, kwa kuwa utaratibu wake ni wa michezo mingi. Saa ya kwanza ilikuwa ya furaha: picha nzuri, vichekesho, na zawadi kila baada ya dakika chache. Siku ya pili zawadi zilipungua, na kazi iliyochukua dakika ikaanza kuchukua saa. Hapo tukawekewa njia tatu: kungoja, kutazama tangazo, au kulipa. Mhusika yuleyule tuliyempenda ndiye aliyetumwa kutuambia kuwa ofa inakaribia kwisha.

Tufanye hesabu. Tuseme mtoto hutazama matangazo 20 kwa siku, kila moja sekunde 30. Hizo ni dakika 10 kwa siku, sawa na saa 5 kwa mwezi, na bando linalotumika ni la mzazi. Akinunua sarafu za shilingi 2,500 kila siku, kwa siku 30 ni shilingi 75,000. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hasara ya namna hii imewapata watu katika nchi nyingine pia. Mwaka 2014, Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Apple, ambayo ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wateja waliotozwa fedha kwa manunuzi ya watoto yasiyo na idhini ya wazazi. Tena, kilichonunuliwa mchezoni hakidumu kama jembe. Mchezo wa The Simpsons: Tapped Out, uliotokana na katuni mashuhuri na wenye kazi za kungojewa kwa saa nyingi, ulianza mwaka 2012 na ukafungwa Januari 2025. Miji ambayo wachezaji waliijenga humo kwa miaka haikuchezeka tena.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, msome ukurasa wa mchezo kabla ya kuupakua. Maneno "Ina matangazo" na "Ununuzi wa ndani ya programu" yana maana kwamba bure hiyo ina masharti.

Pili, mzazi aucheze mwenyewe kwa siku mbili au tatu. Saa ya kwanza haitoshi kuujua, kwa sababu mchezo huonyesha bei yake baadaye.

Tatu, kwenye mipangilio ya duka la programu, wekeni sharti la nywila kwa kila ununuzi. Kadi ya malipo isiyohitajika iondolewe kwenye akaunti, na namba ya siri ya akaunti ya pesa asipewe mtoto.

Nne, ununuzi usiokusudiwa ukitokea, chukueni hatua siku hiyohiyo. Google Play hupokea maombi ya kurejeshewa fedha ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Hifadhini ujumbe wa malipo kama ushahidi.

Tano, msimwamini anayeahidi sarafu za bure kwa kumpa namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli utumeni kwenda namba 15040. Malalamiko ya bando au muda wa maongezi yaanzie kwa mtoa huduma. Msiporidhika, yafikisheni TCRA. Mkipotoshwa na tangazo la bidhaa au huduma, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji huo, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko.

Hatusemi watoto wasicheze. Mchezo wa aina hii unaweza kufurahisha bila senti moja, kwa mchezaji anayekubali kungoja. Mkulima wa wilaya hizi anajua kungoja: hupanda maharage na kusubiri miezi, na mwishoni huvuna chakula. Basi mwelezeni mtoto kwa upole kwamba mchezo umerefusha kungoja kwa makusudi, ili mtu alipe, na kwamba asiyelipa hajashindwa. Mtoto akilielewa hilo, ataweza kuikataa ofa hata mzazi asipokuwapo.