Fre ya Mkono kwa Kamionete ya Mota Mbili: Maneno kwa Wamama

Asubuhi hii, mbele ya kupima kilo za watoto, hatutasema juu ya surua wala kuhara. Tutasema juu ya motokari iliyosimama. Mtajiuliza: munganga anatafuta nini kwa mambo ya mashofere? Sababu ni hii: motokari ikiteremka peke yake hapa kwetu kwenye milima, haimkuti shofere. Yeye ameshuka, yuko anasalimu watu. Inamkuta mama aliyekaa chini kivulini, na mtoto anayecheza nyuma ya gurudumu.

Tena kuna kamionete za namna mpya, zinaitwa hibridi. Ndani yake mna mota mbili: moja ya esansi ama mazutu, na moja ya umeme yenye batri yake. Ford inauza Marekani kamionete za hibridi, F-150 na Maverick. Toyota nayo, tangu mwaka 2024, inauza Afrika ya Kusini Hilux yenye batri ya volti 48 inayosaidia mota ya mazutu, lakini ile mota ya mazutu ndiyo inabaki na kazi kubwa. Maneno yangu ya leo ni zaidi juu ya zile ambazo umeme peke yake unaweza kuzisukuma, kama hizo mbili za Ford.

Sisi wote tumezoea kusikia. Motokari ikinguruma, tunajua inawaka. Ikinyamaza, tunajua imezimwa. Na hibridi sivyo. Ikisimama, mota ya esansi inaweza kunyamaza kabisa, na motokari ingali tayari kwenda. Kwenye tablo kuna alama ya kijani inayosema hivyo, lakini wewe uliye nje huioni. Kama shofere amesahau gia kwa D na kuondoa mguu, itaanza kutambaa bila sauti. Na hata ikisimama vizuri, batri ikipunguka, mota ya esansi inawaka yenyewe, puu! hakuna mtu aliyeigusa. Kwa hiyo ukimya usikudanganye.

Jambo la pili, mashofere wetu wana desturi yao. Anasimama kwenye mteremko, anatia gia ya kwanza, anazima, anaweka jiwe, basi. Kwa motokari ya gia za mkono desturi hiyo inasaidia, maana mota iliyozimwa inakataa kuzunguka, inashika magurudumu. Lakini kamionete hizi hazina pedali ya embreyaje. Ukiiacha kwa D na kuizima, mota haishiki kitu. Kinachoshika ni vitu viwili tu: P na fre ya mkono.

P ni nini? Ndani ya sanduku la gia kuna jino dogo la chuma. Ukiweka P, jino linaingia katika gurudumu lenye meno, linazuia lisizunguke. Ni jino moja, wamama, na kamionete kama ile F-150 ina uzito wa zaidi ya tani 2, mbele hamjapakia mihogo na watu. Shofere akiweka P peke yake kwenye mteremko na kuondoa mguu, uzito wote unaegemea jino hilo. Siku akitaka kuondoka, gia inakuwa ngumu kutoka, halafu mnasikia kaa! kama mtu amepiga chuma. Hiyo sauti si roho mbaya. Ni jino linalalamika.

Fre ya mkono yenyewe inabana magurudumu ya nyuma. Kwa kamionete nyingine ni mkono wa kuvuta, kama tulivyozoea. Kwa nyingine ni kifungo kidogo tu, na mota ndogo za umeme huko nyuma ndizo zinazobana. Unavuta kifungo juu, unasikia zzz, taa nyekundu ya fre inatokea kwenye tablo. Kuifungua, unakanyaga pedali ya fre, unasukuma kifungo chini. Batri ile ndogo ya volti 12 ikikufa, kifungo hakifanyi kazi: hakifungi, hakifungui. Shofere anayejua batri yake ni mgonjwa asisimame kwenye mteremko.

Basi, namna ya kusimamisha ni hii, na mpangilio wake ni wa maana. Motokari isimame kabisa, mguu wa shofere ubaki juu ya pedali. Avute fre ya mkono, angojee taa nyekundu. Halafu ndiyo aweke P. Halafu aondoe mguu polepole, asikilize kama inasogea. Uzito unaanguka juu ya fre, jino linabaki msaidizi tu. Halafu azime mpaka alama ya kijani ipotee, achukue ufunguo mfukoni. Wengi wanaweka P kwanza na fre nyuma, wanasema ni mamoja. Kwenye uwanja wa mpira ni mamoja. Hapa Bukavu, ama kule kwenye mlima wa Ngomo, si mamoja.

Kuna kifungo kingine kinachoshika fre kwa muda, wakati shofere anangojea njia, ili apumzishe mguu. Hicho si fre ya mkono. Asishuke akitumaini hicho.

Magurudumu ya mbele ayageuze kuelekea upande wa kilima, si upande wa korongo. Motokari ikiponyoka, kwenda mbele ama kurudi nyuma, itajigonga kwenye ukingo, itasimama. Na jiwe? Jiwe ni zuri, liwekwe upande wa chini wa gurudumu, hasa kama motokari imepakia. Lakini liwe kubwa, na liwekwe nyuma ya kuvuta fre, si badala ya fre.

Msifikiri haya ni ya watu wasiojua kuendesha. Tarehe 19 Juni 2016, kule Los Angeles, mwigizaji wa sinema Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alishuka katika Jeep yake kwenye njia ya nyumbani kwake yenye mteremko. Haikuwa hibridi. Lakini mkono wake wa gia ulikuwa wa namna mpya: kila ukiusukuma unarudi katikati, mkono wa mtu hausikii kama umefika P. Motokari ilirudi nyuma, ikambana kwenye nguzo na uzio, akafa. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo kampuni ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba motokari za namna ile zirudishwe kutengenezwa. Kamionete mpya nyingi zina gia ya kuzungusha ama ya kubonyeza, hazina mkono mrefu wa kusikia. Macho ndiyo yanaona taa, na fre ya mkono ndiyo inaokoa kama macho yamedanganyika.

Sasa wewe mama, ambaye huendeshi, kazi yako ni gani? Kwanza, kuuliza. Mbele ya kushusha mgonjwa ama mizigo upande wa nyuma, sema tu: "Papa shofere, umevuta fre? Taa iko inawaka?" Si haya. Ni mwili wako ulio nyuma, si wake. Kama anakasirika, ngojea pembeni mpaka akasirike amalize. Pili, usikae na mtoto kwenye kivuli cha motokari, hata kama jua ni kali na foleni ya chanjo ni ndefu. Tatu, mtoto asiachwe ndani peke yake, na zaidi sana ufunguo ukiwa ndani. Kwa watoto, vifungo ni mchezo.

Mkiona inaanza kuteremka, pigeni kelele, kimbieni pembeni, si mbele yake. Mwanaume hata mwenye nguvu hazuii tani 2 kwa mikono. Kama shofere angali ndani na pedali imekataa, avute kile kifungo na akishikilie bila kuachilia. Kwa motokari nyingi itabana hata ikiwa inatembea.

Na kama mtoto amepitiwa, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunawapoteza wengine. Gurudumu likipita juu ya tumbo, mtoto anaweza kusimama, kulia kidogo, kusema haumwi. Ngozi haina kidonda. Ndani, wengu ama ini limepasuka, damu inamwagika pole pole. Nyuma ya saa chache anakuwa mweupe kwenye midomo na viganja, mikono baridi, tumbo linavimba na kuwa gumu, ana kiu, anataka kulala. Msingojee dalili hizo. Mleteni siku ileile, saa ileile, alale juu ya ubao ama mlango, shingo isigeuzwe, asipewe chakula wala kinywaji maana pengine atapasuliwa. Penye damu ya nje, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachilia. Mkojo wake wa kwanza mutuonyeshe, kama una damu.

Mama mmoja aliuliza juma lililopita: nyuma ya kuondoka, lile jiwe ni la nani? Ni la shofere. Mbele ya kwenda aliondoe njiani kabisa, maana usiku pikipiki inayoleta mama mwenye uchungu wa kuzaa itakuja hapo, na taa yake pengine ni mbovu.