Kwa Nini Majibu ya Mtandaoni Hubadilishana Nafasi

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Murungu



Kijana wa kata hii anapotaka kujua habari za mikopo ya halmashauri, siku hizi haanzi kwa kufunga safari ya Kibondo mjini. Huchukua simu, huandika "mkopo wa vijana halmashauri", kisha hufungua jibu la kwanza analoletewa. Miezi michache baadaye mwenzake huandika maneno yaleyale, naye hukuta jibu lile limeshuka hadi chini kabisa au halionekani tena. Yamkini hakuna aliyeligusa. Kilichobadilika ni vigezo vya mtambo unaoyapanga majibu hayo.

Mtambo unaotumiwa na watu wengi, yaani Google, ulianzishwa nchini Marekani mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Wazo lao la awali lilikuwa jepesi kueleweka: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi hupewa uzito, na uzito huo huongezeka iwapo kurasa zinazoutaja nazo zinatajwa sana. Vijijini nako ndivyo ilivyo, kwani fundi anayesifiwa na mafundi wenzake huaminiwa kuliko anayesifiwa na wapita njia. Lakini sifa hununulika. Wenye tovuti walianza kuuziana viungo na kuzijaza kurasa zao maneno yanayotafutwa sana, nayo Google ikalazimika kubadili vigezo vyake. Badiliko la Februari 2011, lililoitwa Panda, lilizishusha kurasa zilizoandikwa kijuujuu. Lile la Aprili 2012, Penguin, liliwaandama waliojipatia viungo kwa hila. Marekebisho hayajakoma tangu hapo. Kwa mwaka 2022 pekee kampuni hiyo ilieleza kuwa ilifanya zaidi ya 4,000. Mengi huwa madogo yasiyotambulika, na machache huweza kuipindua orodha nzima.

Kwa wanaotafuta habari kwa Kiswahili, la maana zaidi huenda lilikuwa la Desemba 2019. Mfumo uitwao BERT, ambao husoma kila neno kwa kuliangalia pamoja na majirani zake, ulikuwa umeanza kutumika kwa Kiingereza miezi miwili kabla; mwezi huo ukapanuliwa kufikia lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. "Mkopo bila riba" na "mkopo wenye riba" hutofautiana kwa neno moja dogo, lakini kwa mkulima wa maharage neno hilo linaweza kuwa faida yake ya msimu mzima.

Ukurasa kushuka nafasi si lazima iwe adhabu. Mwanafunzi aweza kutoka nafasi ya tatu hadi ya tisa kwa sababu wenzake wamepanda, au kwa sababu mwalimu ameamua hisabati ipewe uzito zaidi. Yeye ni yuleyule na daftari lake ni lilelile. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na ilikuwa busara. Mtambo wa utafutaji hauwezi kuacha, maana katika kioo cha simu lazima jibu mojawapo likae juu.

Badiliko kubwa lililoanza tarehe 5 Machi 2024 lilichukua siku 45. Lilielekezwa kwa kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kunasa watafutaji tu, na pia kwa wanaonunua anwani za tovuti zilizoachwa na wenyewe ili kujivika heshima isiyo yao. Google ilitangaza baadaye kuwa maandishi ya namna hiyo yalipungua kwa asilimia 45 katika majibu yake. Kwa hesabu hiyohiyo, zaidi ya nusu yalibaki.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sheria huigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa na Serikali Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Kurasa zilizoandikwa kabla ya usitishaji hazikufutika. Baadhi zina viungo vingi vya miaka ya nyuma, hivyo zaweza kupanda juu ya tangazo jipya na kukifanya kikundi kiandae nyaraka zisizohitajika tena. Hatari kubwa zaidi iko kwa anayeandika neno "mkopo" peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Isitoshe, vinavyotokea juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na hayo yana alama ndogo ambayo jicho hulipita.

Mkazi basi aanze kwa kuisoma anwani kabla ya kusoma habari. Anwani inayoishia na .go.tz hupewa taasisi za umma pekee. Ya Halmashauri ya Kibondo ni kibondodc.go.tz. Kisha aitazame tarehe, na kabla kikundi hakijatoa hata shilingi, alipeleke alilosoma kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Ofisi za umma nazo zina sehemu yao. Tangazo lililopigwa picha na kupewa kichwa "Tangazo kwa Umma" haliupi mtambo cha kushika, hata likiwa na kweli tupu. Lililoandikwa kwa maandishi, lenye kichwa "Maombi ya mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi" pamoja na mwaka na jina la halmashauri, hubeba maneno yaleyale ambayo kijana wa Murungu atayaandika kwenye simu yake.