Tundu la Hewa Kwenye Injini: Tulitafute Bila Kuunguza Gari

(Mada iliyotolewa kwa madereva na mafundi wa magari ya miradi)

Ndugu madereva na mafundi, magari yetu mengi ya petroli ni ya zamani, na mipira yake ina umri huo huo. Leo tuzungumzie tatizo moja tu: injini kuvuta hewa isiyopita kwenye kabureta.

Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, pistoni huvuta kwa nguvu kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Mpira ukipasuka au gasketi ikilegea, hewa hupita kichochoro na petroli haitoshi tena. Dalili mnazijua: injini inatetemeka, inazimika, au inapandisha mlio yenyewe. Wengi hukimbilia kugeuza skrubu ya kabureta. Huko ni kuficha ugonjwa.

Desturi inayotutia hofu ni kumwagia petroli kwenye viungo injini ikiwa inawaka, na kusikiliza kama mlio utabadilika. Ni kweli, tundu huonekana. Lakini mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi kali kuliko ya kilele cha Kilimanjaro, na kwenye Land Cruiser za zamani zenye injini ya 2F manifoldi ya hewa na ile ya moshi zimeshikana upande mmoja. Cheche ya waya wa plagi uliochakaa inatosha. Dawa ya kopo ya kusafishia kabureta nayo ina hatari ile ile.

Gari liwe nje, kwa sababu moshi wake unaua ndani ya banda lililofungwa. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vigingi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kunjeni kila mpira kwa vidole mtazame nyufa, hasa kwenye ncha. Kisha washeni, mchukue kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine ipitishwe kwenye viungo, mbali na feni na mikanda. Panapovuja patasikika kama mtu anayenyonya hewa kwa meno.

Pakibaki shaka, nyunyizeni maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye gasketi, si kwenye distribyuta wala manifoldi ya moshi. Msisubiri mapovu kama ya pancha, maana tairi hutoa hewa na hapa inavutwa ndani. Sikilizeni mlio ukibadilika.

Mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki tunaomba uangaliwe kabla ya mingine yote. Ukivuja, pedali huwa ngumu na gari lenye abiria halisimami mahali ulipotarajia. Zimeni injini, kanyageni pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilieni, kisha washeni. Ikishuka kidogo, busta inapata mvuto. Isiposhuka, gari lisiondoke.

Wenye geji wasishtuke wakiwa nyanda za juu. Pwani injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 22. Kila mita 300 za kupanda hupunguza kama inchi moja, hivyo Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, inchi 14 si ugonjwa.

Mpira wa kubadilishia uwe ule mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Ule laini wa maji hujikunja ukivutwa, na pedali inakuwa ngumu tena.