Jirani Zetu: Kisomo Katika Msumbiji



Msumbiji ilipojipatia uhuru mwaka 1975, watu wapatao 93 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1978 ilianzishwa kampeni ya taifa ya kufuta ujinga, viwandani, vijijini na makambini. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka 1980, idadi hiyo ilishuka hadi 72.

Hata hivyo, masomo yalitolewa kwa Kireno, lugha ambayo wengi hawakuizungumza nyumbani. Aitikiaye herufi asielewe neno hajasoma, ameimba tu. Mwanafunzi na aanze na neno la kazi yake, aliulize, alijadili, ndipo aliandike. Askari aliyekariri amri huduwaa mambo yakibadilika. Aliyeielewa huwalinda wenzake.